Tumeshapata mtoto mmoja mwenye selimundu. Je, watatu wanaofuata watakuwa salama?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Geita. Binti yetu ana miaka miwili na amegundulika ana selimundu, majibu yake yanasoma SS. Mimi na mume wangu tukapimwa, wote tukakutwa AS. Mshauri alituambia uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni asilimia 25, yaani mmoja kati ya wanne. Mume wangu anasema hiyo ni sawa na mayai manne yenye viza moja: viza tumeshalitoa, yaliyobaki ni mazima, kwa hiyo tuzae watatu wengine bila wasiwasi. Mama mkwe naye anasema ukoo wao haujawahi kuwa na ugonjwa huu, basi umetoka kwetu. Halafu shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anataka kuoa mwakani. Hizo asilimia mimi sizielewi. Naomba unieleze kwa mfano wa karibu, ambao nami nitaweza kumweleza mume wangu.

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na lile linalokunyima usingizi: hapana, wanaofuata hawajahakikishiwa usalama. Mimba yenu ijayo ina uwezekano wa robo wa kupata mtoto mwenye SS. Itakayofuata baada ya hiyo, robo. Na ya tatu, robo vilevile. Binti yenu hakupunguza hesabu hiyo wala hakuiongeza.

Hata hivyo usimcheke mumeo. Alipoambiwa asilimia alifanya jambo la busara, akatafuta kitu anachokijua ili apate kuelewa asichokijua. Tatizo ni kwamba mayai hayafanyi kazi kama mimba. Mayai manne yako tayari kwenye trei, yamehesabika, na viza lilikuwa viza kabla hujanyoosha mkono. Ukilitoa, hali ya yaliyobaki inabadilika: sasa una uhakika nayo. Watoto ambao bado hamjawazaa hawapo kwenye trei yoyote. Hakuna mahali walipopangwa wanne, mgonjwa mmoja na wazima watatu, wakisubiri zamu.

Mshauri wenu hakukosea namba. Lakini mimi huwa sipendi tunavyosema "mmoja kati ya wanne" halafu tukafunga faili, kwa sababu mzazi yeyote mwenye akili timamu atasikia "katika watoto wangu wanne, mmoja". Kilichotakiwa kusemwa ni kwamba robo hiyo ni ya kila mimba, peke yake, kila mara upya.

Tutafute basi mfano unaoenda kama mwili unavyokwenda. Kila mtu ana nakala mbili za maelekezo ya kutengeneza hemoglobini, ile protini inayobeba hewa kwenye damu. Moja alipewa na mama, moja na baba. Wewe ni AS: unayo nakala moja ya kawaida, A, na moja ya selimundu, S. Mumeo vivyo hivyo. Yai lako linapokomaa hubeba nakala moja tu, na mbegu ya mumeo hubeba moja tu. Ipi itaingia? Nusu kwa nusu. Huwezi kuchagua, na wala mwili hauchagui.

Chukueni sarafu mbili za shilingi 200. Upande mmoja kuna sura ya Mzee Karume, upande wa pili kuna simba. Karume jina lake la kwanza ni Abeid, kwa hiyo upande wake uwe A. Simba awe S. (Wana Yanga mnivumilie, sarafu sikuichora mimi.) Sarafu moja ni yako, nyingine ni ya mumeo. Kila mkirusha zote mbili kwa pamoja, hiyo ni mimba moja. Zikiangukia Karume na Karume, mtoto ni AA. Karume na simba, ni AS kama ninyi, awe simba katoka kwako au kwa mumeo. Simba wawili, ni SS.

Sasa andaa daftari, mkae jioni moja, mrushe mara 40 na kuandika kila matokeo. Kwa wastani simba wawili hutokea mara 10, AS mara 20 na AA mara 10, lakini zenu hazitatoka hivyo kamili. Simba wawili wanaweza kutokea mara 7, au 13. Na huenda kabisa mkaona simba wawili leo, wakarudia palepale mrusho unaofuata. Hapo ndipo umsimamishe mumeo. Muulize: sarafu hizi zinajua zilivyoanguka dakika iliyopita? Akisema hazijui, mwambie kwamba yai la mwezi ujao na mbegu ya mwezi ujao nazo hazijui kuwa nyumbani kuna binti mwenye SS.

Akiwa bado na daftari mkononi, mpe hesabu kubwa zaidi. Tuseme kuna familia 256, zote baba AS na mama AS, na kila moja imezaa watoto wanne. Nimechagua 256 kwa sababu ni nne mara nne mara nne mara nne, kwa hiyo hatutapata vipande vya familia. Kwa wastani, familia 81 hazitakuwa na mtoto mgonjwa hata mmoja. Familia 108 zitakuwa na mmoja. Familia 54 zitakuwa na wawili. Familia 12 zitakuwa na watatu. Na familia moja, wote wanne.

Angalia hiyo 108. Ndiyo familia zile zilizopata "mmoja kati ya wanne" kama alivyotarajia mumeo, na hazifiki hata nusu. Hii ndiyo sababu kliniki unakuta mama ana watatu wanaoumwa, na jirani yake mwenye AS kama yeye, mume wake pia AS, ana wanne wanaocheza mpira. Mtaani watasema mmoja kalaaniwa na mwingine kabarikiwa, au kuna mkono wa mtu. Mimi naona familia zilezile 256, kila moja imeangukia fungu lake.

Ninyi hamuanzi sifuri, mtoto wa kwanza mnaye. Kwa hiyo hesabu yenu ni ya hao wanaofuata tu. Chukua familia 64 zilizo kama yenu leo. Zikizaa mtoto mmoja zaidi, 16 zitapata mwingine mwenye SS na 48 hazitapata. Zikizaa wawili zaidi, familia 28 zitapata angalau mmoja mgonjwa. Zikizaa watatu zaidi, kama anavyopanga mumeo, zitakuwa 37, na zitakazobaki bila mgonjwa mwingine ni 27.

Hapa naomba msome polepole. Kwa mimba moja moja, mizani inaelemea upande wa mtoto asiyeugua: nafasi tatu kwa moja. Lakini kwa mpango wa kuzaa watatu mfululizo, inaelemea upande wa kupata mwingine mgonjwa. Namba zote mbili ni za kweli na hazipingani. Ndiyo maana sipendi swali la "tuzae au tusizae" likiwa limesimama hivyo tu. Swali lenye manufaa zaidi ni mnataka wangapi, na mkipata wa pili mwenye SS mtaweza kuwatunza wote wawili: nauli za kliniki, siku za kulazwa, mtu wa kubaki na mwingine nyumbani. Jibu la hilo ni lenu. Daktari akikuamulia, anaondoka na kukuachia malezi.

Na huyo atakayezaliwa bila ugonjwa msimpe jina la AA kabla ya kumpima. Katika daftari lenu, futa mistari yote ya simba wawili kisha hesabu iliyobaki: AS ni mara mbili ya AA. Maana yake, mtoto wenu asiyeumwa ana uwezekano wa theluthi mbili wa kuwa AS. Haumwi, lakini siku ya kuoa au kuolewa atahitaji kujua.

Nije kwa mama mkwe, na hapa nenda taratibu maana ni mzazi.

Mtoto hawezi kuwa SS kwa S ya upande mmoja. Simba wawili wanahitaji sarafu mbili. S moja imetoka kwako na moja imetoka kwa mwanawe, na vipimo vyenu vimeshasema hivyo. Mumeo naye hakuiokota njiani: aliipata kwa mama yake au kwa baba yake. Kwa hiyo katika nyumba ya wakwe zako kuna angalau mtu mmoja mwenye S.

Mbona basi hawajawahi kuuona ugonjwa? Kwa sababu AS haugui selimundu. Babu mwenye AS akioa bibi mwenye AA, hakuna hata mtoto wao mmoja atakayekuwa SS, ila kwa wastani nusu yao watabeba S kimyakimya. Hao nao wakioa na kuolewa na AA, kizazi kingine kinapita bila mgonjwa. S inaweza kutembea hivyo kwa babu wa babu mpaka siku itakapokutana na S nyingine, na kwenu ilikutana kwa binti yenu. Tena kuna jambo la kuuliza kwa upole sana, au kutouliza kabisa kama litafungua kidonda: zamani watoto wengi wenye SS walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano, na nyumbani ilisemwa ni homa, degedege, au kaishiwa damu. Hakukuwa na kipimo cha kumwambia mzazi jina lingine.

Kukutana kwa S mbili si ajabu huku kwetu. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 hivi wenye selimundu kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye wabebaji wengi. Tukichukulia kwa urahisi kwamba mtu mmoja kati ya sita ana AS, basi katika kila ndoa 36 zinazofungwa bila kupima, moja itakuwa ya AS na AS. Hesabu harusi za mwaka mmoja kanisani au msikitini kwenu, utajua hamko peke yenu.

Sababu ya S kuwa nyingi hivi ni malaria. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha kazi yake ya Afrika Mashariki iliyoonyesha kwamba wenye AS wana kinga kiasi dhidi ya malaria. Mtoto wa AS alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuvuka utoto kwenye ukanda wa mbu kuliko wa AA, akakua, akazaa, akaipitisha S. Kwa hiyo mama mkwe akikuambia S ni balaa la ukoo wenu, ujue ndiyo hiyohiyo huenda iliyowavusha baadhi ya wazee wake. Lakini nakuonya jambo moja ambalo nalisikia sana: kinga hiyo ni ya AS. Binti yako mwenye SS malaria inamuumiza vibaya kuliko watoto wengine. Neti kila usiku, na dawa ya kuzuia malaria kama kliniki ilivyoelekeza.

Kuhusu vipimo niseme kidogo, kwa ajili yenu na kwa wengine watakaosoma. Kile kipimo cha haraka cha zamani, kinachojibu tu kwamba seli zinapinda au hazipindi, hakitofautishi AS na SS. Mtu anatoka maabara na karatasi iliyoandikwa "positive", anadhani ni mgonjwa kumbe ni mbebaji, au kinyume chake. Ninyi majibu yenu yanataja herufi, kwa hiyo mlipimwa kwa njia inayotenganisha aina za hemoglobini, na hiyo ndiyo ya kuomba. Aliyeongezewa damu ndani ya miezi mitatu hivi asubiri au amweleze mpimaji, maana damu ya mtu mwingine itachanganya majibu. Na ikitokea karatasi inasema baba AA ilhali mtoto ni SS, rudieni vipimo kwa njia sahihi kabla mtu hajafungua mdomo kuhusu nani ni baba wa nani. Nimeona nyumba zikitikisika kwa sababu ya sampuli moja.

Mkiamua kuzaa tena, mpango wa mtoto uanze kabla hajazaliwa. Waambieni wahudumu wa kliniki ya wajawazito kwamba ninyi ni AS wote na mna mtoto wa SS, ili mtoto apimwe mapema baada ya kuzaliwa. Msisubiri dalili. Miezi ya mwanzo mtoto bado analindwa na hemoglobini aliyotoka nayo tumboni mwa mama, anaonekana mnene na mzima kabisa, halafu karibu na miezi sita vidole vya mikono na miguu vinavimba na wazazi wanashangaa. Mtoto wa SS akijulikana mapema huanzishiwa penisilini ya kila siku akiwa na miezi miwili au mitatu mpaka afikishe miaka mitano, kwa sababu bandama yake huacha kazi mapema na bakteria hupata mwanya. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1986 ulionyesha dawa hiyo rahisi inapunguza sana maambukizi makali. Chanjo zote zikamilike, ile ya nimonia hasa.

Binti yako ana miaka miwili, kwa hiyo yeye naye bado yumo kwenye umri wa penisilini. Ulizia pia haidroksiurea kama hajaanzishiwa. Dawa hii ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 katika vituo vinne vya Afrika, vikiwemo Kilifi kule Kenya, Mbale Uganda na Kinshasa, na matokeo yaliyochapishwa mwishoni mwa 2018 yalionyesha maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua na vifo pia. Inahitaji daktari na kupima damu mara kwa mara, si ya kununua dukani na kukadiria. Na homa ikifika nyuzi 38.5, hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na hata kama asubuhi alikuwa anacheza.

Kuna wazo ambalo wazazi wengine huniletea, huenda na ninyi litawajia: tuzae mwingine ili ampe dada yake uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu tangu 2023, kwa hiyo si ndoto ya kwenda India tu. Lakini uloto wa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja huendana kikamilifu kwa uwezekano wa robo, na robo hiyo inarushwa kwa sarafu zake zenyewe, tofauti na hizi za A na S. Tena lazima asiwe SS, ingawa akiwa AS anafaa. Robo ya robo tatu: nafasi 3 kati ya 16. Zaeni mtoto kwa sababu mnamtaka huyo mtoto. Akija akafanana na dada yake, hiyo itakuwa heri ya ziada.

Sasa shemeji yako. Kwa kuwa kaka yake ni AS, wazazi wao wana S angalau kwa mmoja. Kama ni mmoja tu, tena AS, basi shemeji ana uwezekano wa nusu wa kuwa mbebaji, mrusho wa sarafu moja. Apime sasa, kabla mahari haijapelekwa na kabla kadi za mchango hazijaanza kuzunguka, kwa sababu majibu yakija katikati ya vikao vya harusi hakuna anayeyasikia. Akikutwa AA, kwa upande wa S amuoe amtakaye. Akikutwa AS, mchumba naye apime. Mchumba akiwa AA waoane kwa amani: hakuna mtoto wao atakayekuwa SS, ila wawapime watoto ili wajue nani kabeba. Akiwa AS kama yeye, waje wote wawili kwa mshauri kabla ya kuamua, na ukiweza uwape zile sarafu zako mbili na daftari.